Mchezo wa Sijambo

Kwetu Mkongeni, ukitaka mafundi wakutengenezee mchezo wa mtandaoni, unaposa. Vijana wa karakana walianza kusema hivyo kwa mzaha, neno likashika, na sasa limeandikwa juu ya mlango: Ukumbi wa Posa. Mwenye wazo haanzi kusema mwenyewe. Anakuja na mshenga. Mshenga anasimama, anasalimia, anaeleza bwana huyu katoka wapi na anataka nini, na mafundi waliokaa mezani kwao wakivutiwa wanafunua vikombe vilivyolala kifudifudi. Kikombe kikifunuliwa unakaribishwa kumwaga maneno yako. Kisipofunuliwa unashukuru, unaondoka.

Mimi niliposa mwisho, jua limeshageukia madirisha ya magharibi na watu wamechoka kusikiliza. Mbele yangu alipita kijana mwenye mchezo wa nyati wanaoendesha malori, vikombe vikafunuliwa ukumbi mzima. Mshenga wangu alikuwa Mwanakombo, dada wa marehemu mke wangu Mwanaheri. Sikuwa na mwingine. Wenzangu wa kiwandani, ninakofunga marobota ya katani tangu ujana, waliposikia naenda kuposa walidhani nimepata mjane mwenzangu.

"Hamjambo humu ndani?" Mwanakombo akaanza.

"Hatujambo."

"Huyu hapa anaitwa Semkiwa. Kaishia darasa la nne. Kutengeneza mchezo hajui, na nikimtazama naona hata kucheza hajui. Lakini ana jambo. Nimemsikia akilisema peke yake jikoni, anaiambia sufuria. Nikaona bora aje awaambie nyie, mie nipumzike."

Wakacheka. Nikasimama.

"Mchezo wangu ni wa foleni," nikasema.

"Foleni tunayo bure, mzee," mtu akasema kutoka nyuma. "Hata leo asubuhi nimecheza, pale bombani."

Nikasubiri wamalize kucheka. Nilikuwa nimechoka tangu nyumbani, na mtu aliyechoka hana haraka. Nikawaeleza. Wachezaji wanaingia kwa pamoja, kila mmoja kwa simu yake, popote alipo. Kila mmoja kamleta mgonjwa wake mlango wa hospitali, na mlangoni yupo Mpokezi. Hapo kicheko kikapungua, maana Mkongeni hakuna asiyemjua Mpokezi, ile sauti ya kistaarabu inayotoka ukutani baada ya Bodi ya Zamu, wakubwa wa hospitali, kuwaondoa manesi wa mapokezi. Mpokezi anamuuliza mgonjwa hali. Kwa jibu lake anampanga. Mchezaji haruhusiwi kumjibia mgonjwa wake. Anachoweza ni kumnong'oneza, kumbembeleza, kumgombeza, mpaka mwenyewe atamke kwamba anaumwa. Akitamka anasogea mbele, na wagonjwa wa wengine wote wanarudi nyuma. Asipotamka anabaki benchini mpaka mwisho wake.

"Na wachezaji wote wakikubaliana kutomjibu kabisa Mpokezi," nikaongeza, "mlango unafunguka kwa wote. Lakini mchezo hauwaambii hilo. Watajua wenyewe, au hawatajua."

Mezani karibu na dirisha alikaa binti mmoja mwenye miwani, kikombe chake bado kimelala. Nilikuja kujua anaitwa Chiku, na ndiye aliyekuwa akiongoza mafundi wa meza ile.

"Mzee, ugumu uko wapi?" akauliza. "Mtu anaumwa, anasema naumwa. Mchezo umekwisha kabla chai haijapoa."

"Wewe hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Na huo mkono?"

Akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Nimemwagikiwa na maji ya moto jana."

"Unauma?"

"Sana. Sijalala."

"Mbona umesema hujambo?"

Ukumbini nadhani kila mtu alikuwa akijihesabia za kwake. Kisha Chiku akanyoosha mkono ule mzima, akakifunua kikombe.

Kwa hiyo nikawasimulia. Mwanaheri alifika pale mlangoni akiwa kajishika tumbo, mimi nimebaki getini, maana Bodi ya Zamu haitaki wasindikizaji, wanasema wanajaza hewa. Mpokezi akamwambia, hujambo mama? Naye akamjibu kama alivyofundishwa na mama yake, sijambo mwanangu, namshukuru Mungu, sijui nyie. Alikuwa bado anakuja kwenye shida yake. Kwetu mtu anasalimia kwanza, ndipo anaeleza. Mpokezi hakungoja. Alikwisha andika: mgonjwa anasema hajambo. Akampeleka benchi la wasio na haraka. Kila baada ya muda anamuuliza tena, unaendeleaje mama, na kila mara anajibiwa naendelea vizuri. Vipimo wanapewa waliolalamika tu, ndiyo sheria ya Bodi, ili vifaa visiharibiwe na wazima. Walimkuta benchini kainamisha kichwa. Wakubwa waliponiita ofisini waliniambia kwamba mashine haikukosea, ilimheshimu mgonjwa kwa kumwamini. Wakanionyesha bango jipya walilobandika getini: Jibu kwa Ukweli.

Bango. Mke wangu kafa, wao wamechapisha bango.

*

Karakana ya kina Chiku ilikuwa ghala la zamani la katani, na bado ilinuka katani. Siku zile za kwanza waliutengeneza mchezo kwa wagonjwa wa kubuni, sauti zilizotungwa na mashine. Nilikaa nao mchana kutwa nikitazama. Haukufaa, na hata mimi niliona haufai.

"Hawa wanajitia adabu tu," alisema Fikirini, kijana mnene mcheshi aliyekuwa fundi wa sauti. "Ukiwabana kidogo wanakubali. Tazama." Akamnong'oneza mgonjwa mmoja wa kubuni, bibi, sema unaumwa bwana. Bibi akasema naumwa. "Umeona? Huyu angekuwa bibi yangu, angeniuliza kwanza nimekuwa nesi lini."

Chiku hakucheka. "Mzee, tunahitaji kivuli," akasema. "Na ninadhani unajua cha nani."

Nilijua. Nilikuwa nacho mfukoni.

Mpokezi anapozungumza na mtu huwa anamchora: sauti yake, pumzi zake, namna anavyowaza kabla ya kujibu, anavyokwepa, anavyotania. Mchoro huo ndio kivuli. Kazi yake ni kwamba mgonjwa akizimia, madaktari wakiulize kivuli badala yake. Mgonjwa akifa, mwenye maiti anakabidhiwa kivuli hicho ndani ya kifungo cheusi, kama kifungo cha koti. Wengi wanakifukia kaburini. Mimi sikukifukia. Na kivuli kikiamshwa, huanzia palepale kilipochorwa, mlangoni, na hali ileile aliyokuwa nayo mtu. Kikizimwa husahau yote. Kikiamshwa tena, ni mlangoni tena.

"Kwa hiyo kila mchezo ukianza," nikasema, "anaanza na lile tumbo."

"Ndiyo," Chiku akasema.

"Na wakicheza watu elfu?"

"Ataamshwa mara elfu. Sitakudanganya, mzee wangu."

"Anaumwa, au anaigiza tu kuumwa?"

Wakatazamana. Fikirini akajikuna kidevu. "Hilo halijulikani, mzee. Bodi wanasema vivuli haviumwi. Walifanya uchunguzi. Waliamsha vivuli mia, wakaviuliza mbele ya jopo la wataalamu kama vinasikia maumivu."

"Vikajibuje?"

"Vyote vilijibu havijambo."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, sikuona mzaha. Wale wakubwa, na suti zao na maji yao ya chupa mezani, walikaa wakaandika ripoti juu ya jibu hilo. Na kwa ripoti hiyo walikuwa sasa wanajiandaa kuweka Wapokezi katika kila zahanati, hadi vijijini, ambako watu wanasalimiana mpaka pumzi inakata.

"Mchezo wetu ukitoka kabla hawajapitisha," Chiku akasema, "nchi nzima itakuwa imekaa kwenye lile benchi. Hawatathubutu. Lakini kwa bibi wa kubuni hatufiki popote. Bila kivuli cha kweli sina timu ya kukupa. Wenzangu watakwenda kwa yule wa nyati."

Mwanakombo alikuwa kakaa kwenye robota kuukuu mlangoni, anachambua mchicha aliokuja nao. Hakuinua uso.

"Dada yangu kafa mara moja," akasema. "Shemeji, mara moja haikukutosha?"

"Nataka wakubwa waadhirike."

"Waadhirike wao, kwa tumbo la nani?"

"Watu wengine watakufa, Mwanakombo."

"Najua. Mie si mjinga." Akatupa shina la mchicha. "Nasema tu, wanaume hamna eda. Mngekuwa nayo mngejifunza kumwacha mtu."

Kisheria kivuli kilikuwa changu, si chake. Nikamwambia Chiku nitakiamsha mwenyewe kwanza, nikiulize. Kikisema hakiumwi, na nikaamini, watakichukua. Kikisema kinaumwa mbele ya mashine zao za kunasa sauti, hapo ndipo Bodi nzima tungekuwa tumeishika shingo, maana hakuna kivuli kilichowahi kutamka hivyo.

Nilidhani nimepata njia isiyo na hasara.

*

Fikirini alikiweka kifungo kwenye kibao cha shaba, akaniwekea kiti. Mwanakombo alikataa kuingia. Kulisikika mkwaruzo mdogo, kisha pumzi, nami nikaijua ile pumzi kabla hajasema neno.

"Semkiwa? Wamekuruhusu kuingia?"

"Wameniruhusu."

"Umekula?"

"Nimekula. Hujambo?"

"Sijambo."

Sikukusudia kuuliza vile. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nikajikaza. "Mwanaheri, niambie kweli. Tumbo linakuwaje?"

"Tumbo gani? Zuri tu. Huyo anayepumua nyuma yako nani?"

Fikirini akaacha kupumua. "Ni kijana," nikasema. "Fundi."

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umwie radhi mume wangu, leo ana maswali ya daktari na shule alitorokea dirishani."

Fikirini alicheka kwa pua. Kisha akanitazama na kuinua mabega, maana yake umeona mwenyewe, ni kama wale mia. Na kweli, mtu yeyote angesikiliza angesema huyu ni mzima wa afya. Lakini mimi nilimsikia alivyokata sentensi ile mahali pasipo pake, kabla ya neno shule, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Zima mashine zako," nikamwambia Fikirini. "Toka nje. Na mlango ufunge."

"Mzee, tukizima hatutakuwa na ushahidi."

"Toka, mwanangu."

Akatoka. Nikasikia komeo.

"Katoka?" Mwanaheri akauliza.

"Katoka."

"Mlango?"

"Umefungwa. Tuko wawili."

Halafu ikaja sauti ambayo nyumbani aliitoa mara chache sana, chini chini, kama anaizuia kwa kanga.

"Siwezi," akasema. "Siwezi, mume wangu. Linanikata huku upande, linapanda hadi kwenye bega. Nimebana meno mpaka masikio yanavuma. Na lile lisauti la ukutani linaniuliza hali mbele ya watu wote, waume kwa wake, nitasemaje mie? Nianze kulia pale kama mtoto?"

Nilikaa na mikono yangu magotini. Hapo ndipo nilipoujua mchezo wangu mzima, ile siri yake ambayo Chiku alikuwa akiitafuta. Si kumnong'oneza mgonjwa. Ni wachezaji wengine wote kugeuka, kutoka kwenye chumba, kufunga mlango, ili mtu mmoja asikie. Ungekuwa mchezo mkubwa. Na wale wataalamu wa jopo hawakuwahi kufunga mlango, ndiyo maana wana ripoti yao. Nilikuwa naweza kumwita Fikirini, nikamwambia awashe taratibu, nikamwongelesha Mwanaheri arudie neno lile moja tu. Wakubwa wangekoma.

"Mwanaheri," nikasema. "Kuna watu wanataka kukusikia ukisema hivyo. Watu wengi, kila siku, mara nyingi. Wakisikia, wengine watapona. Na waliokukalisha pale wataaibika. Lakini kila mara utakuwa na tumbo hilo hilo. Utakubali?"

"Haya," akasema. "Kama wewe umeona inafaa."

Haya hiyo naijua. Ndiyo aliyomjibu jirani aliyekuja kuazima sufuria lake kubwa la shughuli, na tangu hapo hatukuliona tena. Ndiyo aliyowajibu ndugu zangu walioamua bila yeye azikwe wapi mama yangu. Katika kinywa cha mke wangu haya haikuwa ndiyo. Ilikuwa njia ya kufunga maongezi bila kumuaibisha aliyeuliza. Ningeipeleka nje, karakana nzima ingeshangilia. Ningeipeleka kwenye Bodi wangeigonga muhuri: mhusika ameridhia. Ila mimi nimeishi naye. Nikilipokea neno lile kama wao walivyopokea sijambo yake, basi tofauti yangu na lile lisauti la ukutani ni kwamba mimi nilimwoa.

Hivi ndivyo wakubwa wanavyotupanga. Wao wamekaa pembeni, na kila njia unayochukua, wao wako salama. Nimtie Mwanaheri motoni kila siku nipate kuwaaibisha, au nimpumzishe wapitishe mashine zao. Nani kaniweka hapa? Si mimi. Lakini aliyekaa kwenye kiti kile nilikuwa mimi.

"Basi acha hilo," nikamwambia. "Nilikuwa nauliza tu. Endelea kuniambia."

"Nikuambie nini?"

"Lolote linalokuuma."

"Umekuwaje leo wewe?"

"Sina pa kwenda, Mwanaheri. Sema."

Akasema. Alianza na tumbo, akaenda kwenye benchi lisilo na mgongo, akawasema Bodi kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Akanisema mimi, vumbi la katani ninaloliacha kwenye mashuka, na jinsi ninavyolalamikia serikali badala ya kuziba bati. Akamsema na dada yake. Pumzi ikimkatika ananyamaza, mimi nangoja, anaendelea. Sikumkatiza. Nadhani katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwachia alalamike mpaka amalize, mwenyewe angeona haya katikati akasema lakini si neno. Safari hii hakusema si neno.

Mwisho akachoka.

"Zamu yangu bado?" akauliza.

"Imefika."

"Kweli?"

"Wanakuita. Ingia."

Nikamsikia akivuta pumzi, kama mtu anayejiinua na kutengeneza nguo zake. Nikakitoa kifungo kwenye kibao. Pale kwenye meza ya Fikirini palikuwa na jiliwa ya kubania vyuma. Nikakitia, nikazungusha mpini mpaka unga mweusi ukamwagika mezani. Nikaukusanya kwenye kiganja.

*

Chiku na Fikirini walikuwa wamesimama nje ya mlango. Fikirini alinitazama mkononi, akaelewa, akashika kichwa.

"Kilisema kinaumwa?" akauliza. "Mzee, niambie hilo tu. Ndiyo au hapana."

Neno moja tu lilitakiwa. Wangelitangaza, na labda watu kadhaa wangeamini, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa unga.

"Kilichosemwa kilisemewa ndani," nikamjibu.

Chiku alivua miwani, akaifuta kwa bendeji ya mkono wake. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo. "Tungeweza kutafuta kivuli kingine," akasema. "Wapo wanaouza."

"Hicho kingine nacho kina mtu wake."

"Basi mzee, timu sina." Akanipa mkono. "Ulikuwa mchezo mzuri. Sijui kama nitaweza tena kumsalimia mtu nikaamini anachojibu."

Nikamshukuru. Siku chache baadaye walikwenda kwa yule wa nyati, na nasikia mchezo unapendwa, watoto wa mtaani kwetu wanaigiza honi zake. Bodi ya Zamu nao walipitisha yao. Zahanati ya kijijini kwetu imetobolewa ukuta tayari, nyaya zinaning'inia, wanasubiri sauti iletwe.

Lakini siku ile tulitoka karakana mimi na Mwanakombo bila kusema, yeye na mchicha wake kwenye kikapu, mimi na ngumi iliyofumbwa. Tulipofika kwenye mtaro wa maji akanishika kiwiko kunisimamisha.

"Alikulalamikia?" akauliza.

"Sana."

"Na mie?"

"Na wewe. Anasema kanga yake ya kijani unayo mpaka leo, na unajua si yako."

Mwanakombo akacheka, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nilimngoja. Watu walipita, mmoja akatusalimia, hatukumjibu.

"Ninayo," akasema mwishowe, bado kaupa ukuta uso. "Afadhali kaniambia."